Fulana Zetu za Buluu Matangani

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, safari yetu iligeuka mazishi. Tulikuwa waendesha baiskeli sita kutoka Kisumu, tumevaa fulana za buluu zinazofanana, kwenye barabara tambarare isiyo na gari hata moja, karibu na Asembo Bay. Tulisimama kwenye boma moja lenye hema la matanga, tuombe maji.

Mama mfiwa alitoka mbio, akamshika kiongozi wetu mkono.

“Wenzake wa kazi mmekuja!”

Huku kwetu, fulana za sare mazikoni huvaliwa na waliofanya kazi na marehemu.

“Mama, sisi tunapita tu,” kiongozi wetu akasema.

“Mnapita wapi, na mtoto wangu anazikwa leo?” Akamgeukia shemeji yake. “Si ulisema hakuna mtu atakuja? Haya, tazama!”

Wenzangu walinitazama mimi, kwa sababu nilimzika mume wangu juzi juzi. Ningemwambiaje ukweli mbele ya shemeji yule? Nikavua helmeti, nao wakavua, tukapita mbele ya jeneza na suruali zetu za kubana.

“Hiyo kazi yenu ni gani?” mzee mmoja akanong'ona.

Sijui kama tulitenda dhambi. Ee Mungu, mpumzishe kijana yule nisiyemjua, pamoja na mume wangu. Amina.