Sauti Niliyoifuta Rwamgasa

Nilikwenda Rwamgasa, machimbo ya mkoani Geita, siku chache baada ya makundi mawili ya wachimbaji wadogo kukatana mapanga wakigombea duara moja, ndivyo wanavyoita shimo la dhahabu. Nilikuwa mwandishi wa redio, natokea Shinyanga mjini, na chumba nilikuwa nimepanga Geita mjini.

Wote walinikwepa. Kila niliposogea, mazungumzo yalikatika. Mmoja aliuliza kama nimetumwa na mgodi mkubwa. Mwingine akasema viatu vyangu ni vya askari. Aliyekubali kuongea ni mama mmoja muuza chakula, na hata yeye alinijaribu kwanza kwa salamu ya Kisukuma, akasikiliza ninavyoitikia. Mume wake alikuwa amekatwa mkono katika vurugu zile. Nyuma ya kibanda chake alinitajia, na kinasa sauti kikiwa kimewashwa, mtu aliyeongoza shambulio: msimamizi wa duara la jirani.

Nilipotoka pale, vijana wa msimamizi huyo walikuwa wananisubiri. Wakanipeleka kwake. Alinipa kiti, akaagiza soda, akaongea kwa upole mpaka nikazidi kuogopa. Nyuma yake shimo lilikuwa wazi, halina hata kamba ya kuzuia mtu. Aliuliza nimeongea na nani. Nikasema nimerekodi mlio wa mashine tu.

"Basi tusikilize wote hizo mashine," akasema. "Washa."

Neno moja tu la yule mama lingetosha kumtambulisha. Nikajifanya kitufe kimegoma, kidole kikabonyeza pa kufuta. Alikichukua kile chombo, akakiweka sikioni, akanirudishia. Hakukasirika.

"Mwandishi," aliniambia, "huku kwetu watu huteleza."

Akaniitia bodaboda yeye mwenyewe, anirudishe Geita. Njia nzima sikufungua mdomo, maana sikujua yule dereva ni mtu wa nani. Tulipoingia mjini alikata kona bila kuuliza, akasimama mlangoni pa nyumba ya wageni niliyopanga. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nimefikia wapi.

Nilifungasha saa ile ile, nikapanda basi la kwanza lililokuwa linaelekea Kahama. Habari niliisoma mwenyewe redioni, haina sauti ya shahidi hata mmoja, na mhariri akalalamika kuwa imepooza. Nikamwacha alalamike.

Namba ya yule mama ninayo. Sijawahi kumpigia, kwa sababu sijui siku hizi simu yake anaipokea nani.