Mjane wa Sauti ya Pili

Hapa Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, nauza vitenge, na wateja wakipungua naandika hadithi. Wateja hupungua mara nyingi, kwa hiyo nimeandika mengi kuliko nilivyouza. Siwezi kuandika bila muziki, na kwa kuwa redio yangu hula betri kuliko mimi ninavyokula ugali, nilikuwa namsikiliza jirani.

Jirani ni mama Mrundi, mkulima, mwanakwaya wa Wakatoliki. Mume wake alirudi Burundi kuangalia shamba la baba yake, na simu yake ikanyamaza. Kila asubuhi mama huyo alichambua maharage nyuma ya kibanda changu, akiimba wimbo uleule. Ulishuka, ukasimama, ukashuka tena. Mimi Mkongomani, Kirundi cha nyimbo hakiniingii, lakini nilijiambia kwamba huzuni haihitaji mkalimani.

Katika wimbo huo nikamtoa mjane. Nikampa mwendo wa huo wimbo: anatembea, anasimama, anaendelea. Mume nikamfisha njiani, na mfuko wa mbegu mkononi. Kila asubuhi nilingoja jirani aanze, nami nikate sentensi pale anapovuta pumzi.

Nilipokwenda Mbarara kununua mali, nilimsomea hadithi hiyo mke wa askari anayeniuzia vitenge kule Ruti, pembeni mwa mji. Anajua kungoja, mume wake hupelekwa mbali kwa miezi. Alifuta machozi, akasema, "Huyu mama iko. Usinidanganye ati umemutunga."

Machozi hayajakauka, nikaomba apunguze bei. Akapunguza. Nilirudi kambini nimepata faida mara mbili.

Jioni hiyohiyo watu walikaa mbele ya kibanda niwasomee, kama kawaida. Sasa, kwetu na kwa Warundi vilevile, habari ya kifo haitupwi usoni. Anayeileta huanzia mbali, husimulia mambo ya mtu mwingine, mpaka mwenye msiba afike mwenyewe, polepole. Na waleta habari wa kambi hii ni sisi wachuuzi. Nami ndiyo kwanza nimetoka mjini, vumbi bado liko kwenye viatu, nafungua karatasi na kuanza habari za mama mmoja ambaye mume wake alikwenda kuangalia shamba.

Hakuna aliyekohoa. Nilidhani ni kwa uzuri wa kazi. Nilipomaliza, wanawake wawili walimshika jirani mikono wakampeleka nyumbani, na kulipokucha watu walianza kufika kwake na kuni za matanga.

Nilikwenda mbio. Nikamwambia hakuna habari yoyote, kila kitu nimekitunga. Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kunihurumia, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutua mzigo.

"Papa," akasema, "asante kwa kunisemea polepole. Sasa niambie tu, walimuzika fasi gani?"

Nimebishana bei na watu wagumu wote wa Mbarara. Huyu maneno hayakumtosha. Nikarudi kuchukua karatasi zangu zilizofutwafutwa, nikamwonyesha: hapa mume alikufa kwa homa, nikafuta; hapa alizama mtoni, nikafuta; hapa akafia njiani, nikaacha.

Alifuata mistari iliyofutwa kwa kidole. "Ulimuua mara tatu?"

"Nilikuwa nachagua, mama."

"Na mara zote tatu hukumuona?"

"Sikumuona."

"Basi wewe hujui kitu."

"Sijui kitu."

Alishusha pumzi. Sijawahi kuona ujinga wangu ukimfurahisha mtu kiasi hicho. Kuni akaamuru zirudishwe kwa wenyewe. Kisha akauliza kwa nini nilichagua mjane, nami nikamwambia ni ule wimbo wake. Aliniangalia kama mteja aliyeuziwa kitambaa kifupi. Akasema ule ni wimbo wa matoleo, wanaucheza.

Jumapili nikaenda kanisani, mimi mlokole, nikasimama mlangoni. Sauti ya kwanza ilipanda, za wanaume zikaja chini, watu wakatoka mbele na ndizi na maharage yao wakicheza. Nikaisikia ile iliyokuwa ikishuka, ndogo, katikati. Ni sauti ya pili, nayo kazi yake ni kuwashikilia wengine wanaporuka. Mimi ninayehesabu vitenge mara mbili nilisikia sauti moja kati ya nne, nikadhani nimesikia wimbo.

Waliokuwa wakiimba ni wenzake. Jirani mwenyewe alikaa kwenye benchi, midomo imefungwa. Alikuwa ameniamini kwamba sijui kitu, lakini lile wazo la kifo nilikuwa nimeshalileta, na wazo halirudishwi kama kuni.

Maharage bado anachambua nyuma ya kibanda, kimya. Hadithi ya mjane sijaisoma tena wala sijaimaliza. Nikitoka Mbarara, watu hutazama mzigo wangu. Yeye hutazama uso kwanza. Ndiyo maana siku hizi naanza kutangaza bei nikiwa bado mbali barabarani, kwa sauti kubwa, ajue mapema kwamba nimeleta vitenge tu.