Gari Lililopakwa Deheni

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, haina dawa. Sabuni haiitoi, udi hauifukuzi, na ukienda nayo shuleni utaitwa papa hadi muhula ufungwe. Najua, kwa sababu msimu mmoja wa kusi baba yangu alilipaka gari letu sifa, na mimi bintiye wa kwanza ndiye niliyelala naye uvunguni nikimshikia kopo. Hadi leo nikikumbuka, hasira hunipanda upya.

Tuliishi Kibuyuni. Mama alilima mwani, baba alikuwa fundi wa mashua, na gari lilikuwa stesheni-wagoni kuukuu ambalo baba alilipenda kupita kiasi. Injini yake ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikioza ni sakafu, maana baba aliupakia mwani wa mama ungali ukichuruzika, maji ya chumvi yakajipenyeza chini ya mazulia, na kutu ikala bati kimyakimya. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama naye alikuwa mjamzito. Mimi nilikuwa nimepelekwa hospitali ya Msambweni kuzaliwa, mama akiwa juu ya baiskeli, na baba alikuwa ameapa mbele ya majirani kwamba mtoto wa pili ataletwa duniani kwa gari la babake, si kwa baiskeli wala bodaboda.

Fundi wa magari wa Ukunda, kijana wa bara, aliingia chini, akagonga bati kwa bisibisi, bisibisi ikapita. "Hii imeisha, mzee. Tukate, tuchomelee ingine. Ukipaka kitu juu unaificha tu." Baba alirudi nyumbani amenuna. "Mimi nimeziba vyombo vinavyoingia bahari kuu," alisema, "leo nishindwe na kigari?"

Basi akalifanyia gari kama anavyofanyia mashua. Alilipandisha juu ya magogo, akachanganya chokaa na sifa hadi ikawa deheni nzito, ule urojo mweupe unaopakwa chini ya chombo ili maji yasiingie. Mbao huridhika ukizikwangua juujuu kisha ukapaka. Chuma hakina hisani hiyo. Nilikuwa nimelala chali, makombo ya kutu yakiniangukia machoni, nikaona wazi kwamba kazi haijafika popote. "Baba, huku bado kunabanduka." "Shika kopo, Mwanasha. Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali ilikuwa nzuri, kutu haikuisikia. Paka wa kijiji kizima walihamia uani kwetu, wakawa wanalilamba gari, nami nikawa wa kuwafukuza kwa ufagio asubuhi na jioni. Mama alitapika kila upepo ulipogeuka. "Baba Mwanasha," alimwambia siku moja akiwa ameziba pua kwa leso, "chombo kinakaa na samaki. Gari linakaa na sisi." Baba alicheka, akaongeza mkono wa pili wa deheni.

Uchungu ulimshika mama asubuhi, jua limeshapanda. Gari liliwaka mara moja, na baba akanitazama kwa kiburi ambacho sijakisahau. Mama aliketi mbele, mimi nyuma na kikapu cha nguo za mtoto. Hatujaifikia barabara ya lami, tairi likatumbukia shimoni, na pande la deheni likadondoka pamoja na kutu liliyokuwa limeifunika. Miguu ya mama ikawa inatazamana na barabara. Alipiga ukelele, akapandisha nyayo juu ya dashibodi, na kiti chake kikaanza kuzama upande mmoja. "Simamisha! Wallahi simamisha!" Baba alisimamisha. Bodaboda ya kwanza iliyopita ikamchukua mama, mimi nyuma yake nikimshika kiuno, na baba akabaki kando ya gari lake akiwa na deheni viatuni. Mdogo wangu Bakari alizaliwa salama, alhamdulillahi, kabla baba hajafika.

Sasa ninaishi Ukunda na nina gari langu, nalo si jipya. Chumvi ya pwani ni ileile. Kila baada ya mvua huingia uvunguni na brashi ya waya nikakwangua hadi chuma king'ae, na palipooza hukatwa pakachomelewa. Baba husimama pembeni akisema ningepaka sifa kidogo tu, nami huuma meno. Miaka yote hiyo hajawahi kumwomba mama radhi, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko harufu. Lakini juzi nilipokuja kumchukua mama kwenda kliniki, baba alitangulia kwenye mlango wa gari langu, akapiga goti, akainua zulia na kugonga bati kwa ngumi, hapa na pale, akisikiliza. Alipoinuka hakumtazama mtu. "Panda, mama Mwanasha. Ni zima."

Mama aliingiza mguu mmoja, akakanyaga kwa kisigino kwa nguvu zake zote, ndipo akaketi.