Uso wa Kuazima Huko Tororo

Kwanza ilikuwa sauti. Mzee mmoja alikuwa akiuliza swali kwa Kiingereza kilichonyooka kama kamba ya mwashi, na nyuma yake jogoo akiwika na ndoo ikigongwa. "Nieleze," alisema, "kuhusu mtu aliyebadilisha maisha yako." Kisha kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayevuta pumzi na kuirudisha bila kuitumia. Halafu ujumbe ukakatika.

Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yangu Nabwire. Ulinikuta Busia, upande wa Kenya, nimeketi mbele ya riwaya ambayo ilikuwa imekataa kwenda mbele wala nyuma. Chini yake alikuwa ameandika: Njoo, mdogo wangu. Nahitaji uso.

Nabwire ni muuguzi. Aliolewa Uganda, kwa Wapadhola, nje kidogo ya mji wa Tororo, na mumewe Okoth huendesha trela za Juba, kwa hiyo nyumbani huonekana kama mwezi mwandamo. Hospitali moja ng'ambo ilikuwa imekubali kumwajiri kwa sharti kwamba afaulu mtihani wa Kiingereza. Mara ya kwanza alifaulu kusoma, kuandika na kusikiliza. Kwenye kuzungumza akaanguka. Hospitali ikamwambia itamngojea mara moja tu zaidi, na mara hiyo ilikuwa Jumatatu iliyokuwa ikija, mjini Kisumu. Akianguka tena, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Sikuelewa uso unahusiana vipi na Kiingereza. Lakini nilikuwa katika zile siku ambazo miguu huwasha, na mtu akiitwa hahitaji kuelewa. Nilitia nguo mkobani, nikafunga nyumba.

Alfajiri, mpakani. Trela zilikuwa zimepanga foleni hadi zinapotea gizani, zikipumua breki zao kama ng'ombe waliochoka. Mawakala wa forodha walikuwa tayari wakikimbia na karatasi kwapani. Walemavu walisukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa mafuta ya kupikia, wakiimba watu wapishe njia, na watu walipisha. Mimi nilikuwa nimevuka hapo tangu utotoni, kununua sukari, kutazama mpira, kumfuata msichana. Asubuhi hiyo tu ndipo nilipoona jinsi kila mtu pale anavyobadilisha lugha katikati ya hatua: Kisamia kwa mama wa dagaa, Kiswahili kwa mwenye mkokoteni, Kiingereza kwa afisa. Afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikasema kumsaidia dada yangu na mtihani. Akauliza kama mimi ni mwalimu. Nikasema hapana, na akagonga muhuri kwa huruma.

Busia, upande wa Uganda. Kijana wa bodaboda alinichagua kabla sijamchagua.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Tororo. Kwa dada yangu, aliolewa huko."

"Ah. Ndugu ya bibi. Basi wewe nakwenda kukula kuku, mimi nakula vumbi. Panda."

Njiani alikula vumbi kweli, nami nikala lililobaki. Muhogo uliokatwakatwa ulikuwa umeanikwa pembeni mwa lami, mweupe, na mbuzi wakiutazama kwa mbali kama watu wasio na haja. Watoto wa shule walitembea kwa mstari mmoja na viatu mikononi. Kila tuliposimama nilikuwa wa kwanza kuuliza tunaondoka lini. Kisha mwamba wa Tororo ukatokea, peke yake juu ya tambarare, kama mtu aliyeinuka katikati ya mkutano kutaka kusema na akasahau alichotaka. Nilimwona dada yangu ndani ya mwamba ule. Nikamwambia kijana aongeze mwendo. Alicheka, akapunguza.

Adhuhuri nilifika. Mama Okoth, mama mkwe wa dada yangu, alinipokea kwa salamu zilizopita kwa baba, kwa mama, kwa mvua, kwa mashamba, kwa ng'ombe tusiokuwa nao. Nabwire alitokea nyuma ya jiko na unga wa wimbi mikononi, amekonda, akanikumbatia kwa viwiko. Nilifungua mdomo kuuliza habari ya mtihani.

"Mkwe, kaa," Mama Okoth akasema. "Kula kwanza. Kiingereza haina miguu, haitakimbia."

Kuku akafukuzwa, akakamatwa, akapikwa. Ugali wa wimbi na muhogo ukaja, mweusi na mzito. Mgeni wa namna yangu haulizwi shida yake akiwa na njaa, wala haruhusiwi kuuliza ya wengine. Nilikula nikitikisa goti chini ya meza hadi vikombe vikalia, na Mama Okoth akamwuliza dada yangu kama huko kwetu huwa tunakula tukiwa tunakimbia.

Jua lilipopungua ndipo nilipoona somo lenyewe. Kiti kililetwa nje, kikaegemezwa ukutani mwa nyumba ya Nabwire, chini ya dirisha lililofungwa. Akaja mzee mrefu, mkavu, mwenye mvi nyeupe kabisa. Huyo alikuwa baba mkwe wake, aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote hadi akastaafu. Sauti yake niliitambua mara moja. Alinisalimia kwa mkono, akaketi, mgongo kwa ukuta, na kuuliza swali lake kwa mashamba yaliyo mbele yake. Ndani, nyuma ya mbao za dirisha, dada yangu akajibu.

Alijibu vizuri sana. Nilisimama pale nimeduwaa. Kiingereza chake kilitiririka, kikacheka, kikarudi nyuma kujisahihisha.

Msomaji wa nyumbani anaijua heshima hii, maana nasi tunayo. Mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mzee haingii nyumba ya mke wa mwanawe hata mvua inyeshe mawe. Kwa hiyo mwalimu bora wa Kiingereza katika eneo lile na mwanafunzi aliyemhitaji kuliko wote walikuwa wamekaa miezi mingi wakisoma kupitia ukutani. Hawakuvunja mwiko, wala hawakukosa hata somo moja, na kosa likaingia humohumo.

"Nilipoingia chumba cha mtihani," Nabwire aliniambia mzee alipokwisha kuondoka, "nilimkuta mzee wa Kizungu, mwenye mvi, ameketi karibu kama wewe hapo. Akaniuliza jina langu. Shingo ikainama yenyewe. Nikasikia sauti inatoka kwenye uso, nikaogopa. Niliona viatu vyake tu. Vya kahawia, kamba moja fupi. Naweza kukueleza viatu vile kwa Kiingereza kizuri sana."

Alicheka, kisha akaacha.

Ndiyo maana aliniita. Siku iliyofuata niliketi ndani mbele yake, meza ndogo katikati, wakati mzee akiuliza kutoka nje. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza na kuwa na uso. Nabwire alinitazama machoni na kujibu kila kitu, tena kwa kuringa. Mwisho akaniambia kwamba uso wangu ni wa bure, unafaa kwa mtihani wa watoto wa chekechea. Tangu anibebe mgongoni hajawahi kuuogopa. Mzee alikohoa nje. Sijui kama kilikuwa kikohozi au kicheko.

Ijumaa, Tororo mjini. Sikuweza kukaa tena, nikamchukua Nabwire tukatembee. Mji ulikuwa na vumbi la kiwanda cha saruji juu ya majani na mwamba ulikuwa nyuma ya kila paa. Tuliingia duka la vitambaa. Mwenye duka, babu mwenye kichwa cheupe, aliinuka na kumwuliza kwa Kiingereza anatafuta nini. Nilimwona dada yangu akianza jibu. Kisha macho yake yakashuka polepole, yakapita shati la yule babu, yakapita kaunta, yakatua sakafuni. Akasema kwa Kiswahili kwamba hatafuti kitu.

"Wazee wote wana uso wa baba mkwe," aliniambia barabarani. "Na uso wake mwenyewe siujui."

Tulirudi nyumbani. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Jioni, mbele ya Mama Okoth aliyekuwa akichambua karanga, na huku mzee ameketi mahali pake nyuma ya ukuta akisikia kila neno, uvumilivu wangu uliisha. Nikasema jambo ambalo shemeji hasemi: kwamba mzee angeingia tu, dakika chache, akakae kwenye kile kiti, na mambo yakaisha.

Mikono ya Mama Okoth ilisimama juu ya ungo.

"Nyinyi watu ya Busia," alisema, "mnapitisha kila kitu kwa mpaka. Hata mwiko mnataka kupitisha bila ushuru."

Nabwire aliinama. Mimi nilitamani bodaboda. Mama mkwe akarudi kuchambua karanga, akachambua muda mrefu, na aliposema tena alisema kwa sauti kubwa kidogo, akielekeza maneno ukutani.

"Nyumba ya bibi ya mtoto, baba hapana ingia. Hiyo imekwisha. Lakini shule si nyumba ya mtu."

Nje kiti kililia, kama mtu aliyeegemea ameketi wima.

Jumamosi asubuhi. Mzee alikuwa amekwenda kabla ya chai kumwomba mwalimu mkuu ufunguo wa darasa. Mimi na Nabwire tulibeba mifuko yetu kabisa, kwa sababu baada ya pale tungeondoka. Shule ya msingi ilikuwa tupu, inanuka chaki na popo. Mama Okoth aliketi barazani na ungo wake, mlangoni kabisa, awe shahidi. Mimi niliketi dawati la nyuma, magoti kidevuni.

Mzee alikuwa mezani mwa mwalimu, amevaa koti na tai. Nabwire alibisha. Mzee akamkaribisha kwa Kiingereza, akamwonyesha kiti, akamwuliza jina lake kamili.

Macho ya dada yangu yalikuwa kwenye viatu. Vilikuwa vyeusi, vimeng'arishwa asubuhi hiyo. Kile kimya cha kwenye simu kikaja kikakaa nasi, na safari hii nilikiona: kilikuwa shingo ya dada yangu. Nilishika dawati nisiinuke kumjibia.

Mzee hakumsaidia. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza, akangoja. Kisha akasema, kwa Kiingereza, taratibu:

"Mimi ni mtahini. Sikujui. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukuona."

Na hilo la mwisho lilikuwa kweli. Sauti yake ilitetemeka aliposema, nikaelewa kwamba mwiko ule ulikuwa umembana yeye pia.

Macho ya Nabwire yalianza kupanda. Yalipita kunjo la suruali, yakapumzika kwenye mikono, yakapanda tai, kidevu, yakasimama. Akataja jina lake. Akaulizwa anatoka wapi, akasema Busia, na alivyoieleza Busia kwa lugha ya watu wengine, na trela zake zinazopumua, niliona wivu. Mwisho mzee akauliza swali lake lile: mtu aliyebadilisha maisha yako.

"Ni mwalimu wangu," Nabwire alisema. "Nilimjua kwa kikohozi na kwa mlio wa kiti. Nilidhani ana uso mkali. Kumbe ana kovu dogo juu ya jicho, na anapenda kucheka."

Mtahini hasifu, halii, haongezi neno. Mzee alitazama saa yake muda mrefu kuliko saa inavyohitaji. Akasema asante, mtihani umekwisha. Nyumbani Nabwire angepiga magoti kumuaga. Mle ndani alisimama wima, akashukuru, akatoka. Barazani, alipompita Mama Okoth, ndipo alipopiga magoti, na mama mkwe akamfungia karanga kwenye kanga.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, muhogo uleule, foleni ileile mpakani. Nilikuwa nimekwenda nikidhani lugha ni maneno na mwenye maneno mengi atamsaidia asiye nayo. Nilirudi nikijua kwamba dada yangu alikuwa na maneno siku zote. Alichokosa ni ruhusa ya kuinua macho, na ruhusa hiyo mimi singeweza kumpa, hata kwa uso wangu wote. Hilo ndilo nililobeba, pamoja na karanga.

Kisumu, Jumatatu. Walimwita ndani, nami nikatembea korido ile huku na huku hadi mlinzi akaniambia nikae kama watu. Nilikaa, nikainuka. Ndani nilisikia sauti ya mwanamume mzee ikiuliza, na mara moja, bila pengo, sauti ya dada yangu.

Baadaye alitoka, uso umetulia, karanga bado mkononi.

"Alikuwa na viatu gani?" nilimwuliza.

Nabwire alifikiri kidogo.

"Sijui," alisema, na mlango ukajifunga nyuma yake.