Saa nane niliyoiweka kwenye kompyuta ya Neema

Jamani, leo nilijua nimemharibia mwanangu kazi ya chuo.

Neema anatengeneza ukurasa wa kurekebishia saa ya kompyuta. Kesho anamwonyesha mwalimu wake.

Mimi nimetoka kuchuma chai, mgongo hoi, akaniita.

"Mama, hebu jaribu wewe. Weka saa ya sasa hivi."

Ilikuwa saa nane mchana, mvua hiyo. Nikaweka nane.

Kompyuta ikaandika ASUBUHI!

Neema akaiinamia skrini.

"Mwanangu, nimeharibu?"

"Hujaharibu, mama. Kompyuta inasoma nane kama saa mbili asubuhi, nimesahau mimi kwamba kwetu nane ni mchana. Hata mwalimu angeweka hivyohivyo."

Basi amefuta, anaanza upya.

Nimechoka jamani, lakini nimebandika ndizi, nakaa naye mpaka amalize.

Wenzangu, ninyi mngeweka ngapi?