Dawa Iliyotangulia Kipimo

Mimi ni mutu wa mikroskope. Unipe tone la damu kwenye kioo, nivitafute vijidudu vya malaria kwa jicho langu mwenyewe, hapo niko sawa. Mwenzangu wa laboratwari, kijana wa Kiislamu mwenye asili ya Maniema, yeye alipenda kipimo cha haraka, kile kikaratasi kinachotoa mustari upesi. Tulibishana mpaka wagonjwa wakatucheka. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilivuta kwa nguvu zote.

Siku moja mama muuza samaki wa soko la Kituku akamuleta binti yake mudogo, anawaka homa. Kikaratasi kikasema malaria. Kioo changu kikasema hakuna. Daktari akatutazama: sasa amutibu nini huyu mutoto?

"Mama, umeshamupa dawa?" mwenzangu akauliza.

"Hapana, papa. Hata moja."

Aa, wapi! Hapa Goma mutu anapita kwanza farmasi, kisha anakana mbele yetu, maana anaogopa kugombezwa. Na kile kikaratasi huendelea kuonyesha malaria hata vijidudu vikiisha kufa zamani. Nikachuchumaa karibu na yule mama.

"Pole, mama. Ile dawa ya kwanza, ilimusaidia hata kidogo?"

"Kidogo tu. Ya pili ndiyo ilikataa kabisa." Akashituka, akafunika kinywa.

Basi, malaria ilikuwa imeshatibiwa. Daktari akaagiza mukojo upimwe, na ugonjwa tukaukuta huko. Mutoto akalazwa, akaanza dawa inayomufaa.

Tokea hapo tukaacha kulinganisha vipimo vyetu kwa jumla. Tuliwatenga wagonjwa: watoto kando, wakubwa kando, waliomeza dawa na wasiomeza. Kwa wasiomeza, kikaratasi cha mwenzangu kilikuwa sawa na kioo changu. Iliniuma, sifichi. Kwa waliomeza, hasa watoto, kilidanganya sana.

"Tumetoka sare," akasema.

"Sare ya wapi? Nimekuacha mbali!"

Tulicheka, na kazi ikawa tamu kuliko zamani.

Binti yule alipona. Siku ya kurudi nyumbani alinikuta kwenye baraza, akanitambua: huyu ndiye alinitoboa kidole! Akapiga kelele, akajificha katika kitenge cha mama yake. Mama akaona haya, akaniomba musamaha. Mimi nilikuwa nafurahi tu. Siku ile nilipomutoboa, hakuwa na nguvu hata ya kulia.