Siku Niliyoiacha Hodi Ipite

Jamani, aibu hii nimeikalia muda mrefu, lakini kwa kuwa pale mtaani kwetu Iyunga hata watoto wanaijua, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Tangu baba Ambokile afariki naishi na simu. Mwanangu wa pekee, Ambokile, yuko Iringa anauza vipuri vya magari, na kumpigia mama yake anaona kama kaombwa figo. Mimi naikodolea macho simu mpaka chai inapoa, hata chooni naenda nayo (msinicheke).

Sasa nilikuwa na mpangaji, mhandisi wa barabara kutoka Sri Lanka, Mbudha, mpole hata mende alikuwa anamtoa nje kwa karatasi asimuue. Kabla hajahama akanieleza imani yake kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Mama, maisha iko na mateso. Mateso inatoka kwa tamaa, kung'ang'ania kitu. Ukiachia, inaisha. Na njia ya kuachia iko." Njia yenyewe ina mambo manane, kuona sawasawa, kusema sawasawa, riziki safi na kuendelea, na la mwisho kutuliza akili, nami kwa uvivu wangu nikayaruka yote nikashika hilo la mwisho, maana ni la kukaa tu. "Fumba macho, vuta pumzi. Sauti ikija, iache ipite. Kila kitu inapita."

Basi Jumamosi moja, baridi ile ya Julai, nikazima simu, nikakaa sakafuni miguu nimeikunja, blanketi mpaka kichwani, nikaanza kumwachia Ambokile.

Ndiyo siku aliyopiga! Alipoona sipatikani akamwomba jirani yangu, Mama Sekela, aje aniangalie. Nikasikia, "Hodi! Mama Ambokile, hodi!" Nikaiacha ipite. Dirisha likagongwa, nikaliacha (kumbe walinichungulia wakaniona sitikisiki). Kikafuata kilio, nikajisemea masikini, wamefiwa na nani hawa, nacho nikakiacha kipite. Mara mlango ukavunjwa, mzee wa kanisa akaanguka nao ndani, nami nikafumbua macho nikasema, "Karibuni."

Walivyokimbia! Mzee wa kanisa mbele ya wanawake. Uani mikeka ilishatandikwa, sufuria za msiba ziko motoni. Walipothubutu kurudi wakaniuliza nilikuwa nafanya nini.

"Naachia tamaa," nikasema, na mzee akaanza kunikemea mapepo mbele ya mtaa mzima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, ila moyoni nilifurahi, maana nyumba haikuwahi kujaa hivyo tangu tumzike mume wangu.

Kumbe Ambokile alishapigiwa kuwa nimekufa, na katika vurugu ile kila mtu alidhani mwenzake kamwambia kuwa ni mzima. Jioni simu ya Mama Sekela ikalia, akanipa mimi nipokee.

"Mama Sekela, nimefika Igawa. Jeneza mmeshapata?"

"Mwanangu, ni mimi."

Nikasikia wauza mahindi wakiita dirishani kwenye basi.

"Mama? Kumbe mzima?"

"Mzima, baba. Njoo, umeshakaribia, nakuinjikia ndizi."

"Ah, namshukuru Mungu. Basi ngoja nishuke hapa hapa nipate gari la kurudi, dukani sijaacha mtu."

Akakata. Watu nao wakakunja mikeka yao wakaenda.

Tangu siku ile nimeapa, simu sizimi, na hodi naiitikia kabla haijaisha, ingawa wapigaji ni wachache. Lakini kinachoniuma siyo aibu ile. Ni kwamba nilikurupuka kusema ni mimi. Ningebana sauti nikamwambia jeneza limepatikana, wewe njoo tu, usiku ule tungekula ndizi wote.